Goti la Bi Mwantumu

Jirani wa Bi Mwantumu, Mama Tunu, anadai mzee mmoja wa mtaa wa pili alirudishiwa maumivu yake ya mgongo, na jioni ileile wanawe wakajaa mlangoni kumjulia hali.

"Acha uzushi," Bi Mwantumu alimwambia, lakini maneno yalimkaa.

Kiwandani kwao kila mzee hubebewa maumivu na kijana mmoja, ili aweze kuendelea kushona. Maumivu ya goti la Bi Mwantumu yalikwenda kwa Leticia, na tangu hapo bibi hupanda ngazi kama msichana. Tangu hapo pia binti yake, aliyekuwa akija kila jioni kumkanda kwa mafuta ya karafuu, haji tena.

"Si umeshapona, mama?" husema kwenye simu. Chupa ya mafuta imeshika vumbi dirishani.

Asubuhi alimkuta Leticia kwenye ngazi za kiwanda, akijisugua goti.

"Shikamoo, bibi. Goti lako leo limeamka na hasira."

"Marahaba. Nani anakukanda?"

"Nani tena, bibi? Naishi peke yangu. Hata anayeniuliza hali ni wewe tu, kwa ajili ya hili goti."

Bi Mwantumu aliketi kando yake. "Nirudishie, mwanangu. Jioni ya leo tu."

Leticia alilifunika goti kwa viganja vyote viwili, akasema, "Nikikurudishia, bibi, nani ataniuliza hali?"