Pedi Laini

Fundi Sizya aliweka pedi za breki za aina mbili juu ya boneti ya gari kuukuu la Mzee Gervasi.

"Ngumu zinadumu miaka mitano, mzee wangu. Laini zinashika vizuri, ila zinaisha upesi."

"Nipe laini. Kesho linabeba jeneza la mke wangu, sina safari nyingine."

Fundi akazifunga. "Zizoeshe kwanza. Kanyaga breki taratibu mara thelathini, gari lipungue mwendo tu, lisisimame kabisa."

Jioni hiyo Mzee aliteremka mlima wa makaburini akihesabu kila alipokanyaga breki. Miguuni pa kiti kitupu cha abiria, zulia lilikuwa limelika hadi bati linang'aa, kwani miaka arobaini marehemu mkewe alikanyaga hapo kila kona kana kwamba pana breki, akimgombeza, "Punguza, baba Tito."

Thelathini ilipotimia, aligeuza gari, akapandisha mlima, akalitazama lile zulia, akateremka tena akianza kuhesabu moja.