Waliombeba Mabegani

Hapo kale nyani mmoja kijana, ndiyo kwanza anabalehe, alimuua mtoto wa Bi Swala kwa mchezo tu. Baraza likaitwa.

"Atupwe kwa mamba!" walibweka wazee wa nyani. "Huyu si mwenzetu!"

Hasira zilimpanda Bi Swala. Si hao hao? Kijana alipovunja mayai ya kanga walimbeba mabegani. Alipomnyonga kifaranga wakamshangilia na kumwita dume, kama ilivyo desturi yao.

"Mamba simtaki," alisema. "Mwanangu hajazikwa bado. Huyu atachimba kaburi kwa mikono yake, na kila aliyembeba mabegani atachimba naye. Kisha mtakaa naye hapo kaburini, usiku na mchana, mpaka mmetoa moyoni mwake yale mliyoyatia."

Wazee wakatazamana. Ghafla sauti zikalainika.

"Aa, Bi Swala," alisema mkubwa wao, akificha mikono nyuma. "Mbona unalikuza jambo? Huyu si mtoto tu?"

"Na wangu," Bi Swala alifoka, "alikuwa mzee?"