Ng'ombe wa Jeruto

Nyumba ya tano, na Quincy alikuwa bado hajaona hata kwato. Mpango uliomleta huku Keringet ulikuwa rahisi: kila nyumba isiyo na ng'ombe ingepewa mtamba mmoja wa maziwa. Kumbe kijiji kizima hakikuwa na ng'ombe!

Aliwadharau wote. Watu wazima, majani yamewafika magotini, mvua ya bure, nao wamekaa wanangoja kuletewa. Kwa mama mmoja alikanyaga mavi mabichi. "Ni ya jirani," mama akasema, na Quincy akapangusa kiatu huku akisonya. Hata Mzee Bethwel, mzee wa mtaa aliyekuwa akimwonyesha njia, boma lake lilikuwa tupu. Jina lake ndilo lililoongoza orodha ya watakaopewa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Jeruto, mjane aliyevaa gamboti za mpira zisizofanana. Nyuma ya kibanda chake Quincy alihesabu ng'ombe kumi na mmoja, wanene, wamesongamana hadi ua umelala.

"Mathe, uko na ng'ombe ngapi?"

"Sina, kijana yangu. Hata moja. Tangu mzee aende, hapa chai ni strungi tu, maziwa hakuna."

Quincy alicheka kwa hasira. Maskini mvivu alikwisha kumzoea, lakini mwongo wa mchana kweupe, tena mwenye uso mkavu hivi!

"Na hizi zote ni za nani?"

Jeruto akamgeukia Mzee Bethwel. "Si uulize mzee? Yeye anajua watu wake."

Mzee Bethwel akakohoa. "Andika vile umeona, boss. Mimi niseme nini?"

"Tamaa ndiyo inarudisha nyinyi nyuma," Quincy akamwambia Jeruto. "Hii msaada ni ya mtu hana kitu."

Akalifuta jina lake hapo hapo, akatuma orodha ofisini Nakuru, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajiona ametenda haki. Jeruto alishika mwimo wa mlango akalia. Quincy hakumhurumia hata chembe.

Mlio wa pikipiki ya Quincy ulikuwa bado unasikika mteremkoni majirani walipoanza kuingia kwa Jeruto, kila mmoja na kamba yake mkononi. Mzee Bethwel ndiye aliyetangulia. Ng'ombe wake walikuwa watatu.