Magugu ya Tangini

Wembe ulikuwa ungali unadondosha maji ya chumvi Bi Mkubwa aliposikia mlango wa bafu ukifunguka. Akaufuta upesi kwa upindo wa gauni, akauficha kiganjani, akajitupa kwenye kochi na kujitia kusinzia. Mkwe wake akapita na taulo kichwani, akatupia jicho tangi la kioo, akaingia chumbani.

Ndani ya tangi, katikati ya matumbawe ya mkwe, anemoni, wale viumbe wa bahari wanaofanana na maua, walikuwa wamejaa tele. Si wale wakubwa wa kupendeza ambao samaki hujilaza ndani yao. Hawa walikuwa wadogo, wa rangi ya udongo, wenye mikono kama nyuzi na sumu inayochoma. Kila tumbawe walilolifikia lilisinyaa. Wenye matangi huwaita magugu.

Bi Mkubwa hakumpenda mke wa mwanawe, wala hakujisumbua kujidanganya. Mwanamke alikuja na begi moja na tangi refu kama jeneza. Kiti cha marehemu mume wa Bi Mkubwa kikasukumwa barazani kulipisha. Kisha stoo nayo ikatiwa kufuli, eti ya vifaa. Mwanawe, aliyefanya kazi mji mwingine, alikata shauri mbele ya wote wawili: mkewe atakaa pale maadamu tangi linamlisha. Siku biashara yake ya kuuza matumbawe ikifa, atafunga virago amfuate huko aliko. Bi Mkubwa aliiombea siku hiyo kila alipoamka.

Na njia ya kuiharakisha alifundishwa na mkwe mwenyewe. Gugu la kwanza lilipojitokeza, Bi Mkubwa alitaka kulikwangua kwa kisu.

"Fanya lolote mama, ila usikate," mkwe alimwambia. "Kila kipande kinachobaki kinaota kipya."

Ndipo wembe ulipohamia chini ya mto wake wa kulalia. Mkwe akiingia kuoga, yeye anakunja mikono ya gauni na kukata. Tumpe haki yake, alikuwa na bidii.

Mkwe akaleta kamba wadogo wenye mistari myekundu, ambao hula magugu hayo na kuyaacha matumbawe salama. Walianza kazi vizuri mno. Bi Mkubwa akaenda dukani kwa mwenye samaki, akamuuliza kwa sauti ya upole ni samaki gani asiyeweza kabisa kuwekwa pamoja na kamba. Akarudi na huyo huyo ndani ya mfuko wa maji, zawadi kwa mkwe. Siku haikuisha, kamba wote walikuwa tumboni mwake.

"Ahsante mama," mkwe alisema, akitazama magamba matupu mchangani. "Basi kamba sinunui tena. Samaki kipepeo naye anakula magugu, ila akiyamaliza atahamia kwenye matumbawe. Acha tu."

Bi Mkubwa alilala usingizi mtamu. Amekata tamaa, huyo.

Tangu hapo mkwe alikuwa akitoa mawe yaliyoota magugu na kuyapeleka stoo, akisema anakwenda kuyachemsha. Bi Mkubwa hakuwahi kuona jiko likiwashwa huko, lakini hayo hayakumhusu. Mawe yakirudi safi, yeye anakata magugu mengine, vipande vinatua juu yake. Matumbawe yakafa moja baada ya jingine. Mkwe aliyatupa bila chozi, na hilo lilimkera mama mtu kuliko yote.

Asubuhi moja mkwe akasema kuna mtu anakuja kuchukua vitu. Bi Mkubwa akaoga, akavaa gauni lake zuri, akaenda kufungua mlango mwenyewe. Alikuwa yule yule mwenye duka la samaki, na sanduku la barafu mkononi. Akamkaribisha kwa tabasamu na kumuuliza kama tangi lote linaondoka leo.

Mwenye duka akashangaa. Tangi la nini? Yeye alifuata konokono.

Mkwe akafungua stoo. Mabakuli yalipangwa hadi karibu na dari, na ndani yake konokono wa bahari wasio na gamba, weupe, wadogo kama kucha, wakitafuna magugu. Mwenye duka alisema kila mwenye tangi anawatafuta, maana hula gugu hilo tu na hawagusi kiumbe kingine. Lakini wakilikosa wanakufa njaa. Yeye mwenyewe alijaribu kuwafuga, magugu yakamwishia.

"Wewe unayapata wapi mengi hivi?" akamuuliza mkwe.

"Nasaidiwa."

Akamjazia sanduku, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi, Bi Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya tangi. Mkwe akaweka pakiti ya nyembe mpya juu ya kochi.

"Tumia hizi, mama. Ule wa chini ya mto umeshaingia kutu."