Mpiga Upanga Akisinzia

Asubuhi hiyo, badala ya wimbo wa shule, vipaza sauti vilitoa wimbo wa mpiga upanga wa mchezo wa kompyuta wa Kijapani, na shule nzima ikacheza. Sasa mwanafunzi aliyeitwa Spika, mtuhumiwa pekee, alisimama ofisini kwa mwalimu wa nidhamu akiitazama barua ya kumrudisha nyumbani. Ilibaki sahihi tu.

"Kwanza nisikilize ushahidi," mwalimu alisema, akaibonyeza simu aliyomnyang'anya.

Wimbo ukaanza. Spika akainamisha kichwa kwa majonzi aliyoyafanyia mazoezi bwenini.

Alipoinua macho, kalamu ilikuwa mezani. Vidole gumba vya mwalimu vilikuwa vimening'inia hewani, vimetulia tuli, kama vinaogopa kugusa kitu.

"Nizime, mwalimu?"

"Acha. Wimbo huu hulia usipobonyeza chochote. Jamaa wa upanga anachoka kusubiri, anakaa chini, anasinzia. Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananizaba kofi nikimwamsha huyo jamaa."

Spika hakuwahi kuufikisha mwisho. Yeye hubonyeza upesi, apigane.

"Kwani ukiisha inakuwaje, mwalimu?"

Mwalimu alisogeza barua pembeni, akamvutia kiti.

"Kaa," alisema. "Na usiguse kitu."