Kiboko na Gari Lisilonguruma

Hapo kale, yaani juzi tu, Ngiri alikuwa na digrii na njaa, na vyote viwili vilikuwa vya muda mrefu. Kiboko tajiri akamwita. "Msomi, nataka kujaribu magari mawili. Ukinirudisha nyumbani mzima, udereva ni wako."

Njia ilipita mbele ya pango la Chui. Walienda na pikapu ya petroli. Ilinguruma mpaka Chui akaamka, akawafukuza na kung'oa bampa la nyuma.

"Hili ndilo gari," Kiboko alisema akihema. "Mtaa mzima umejua napita."

"Na Chui pia, bosi."

Kurudi, wakaiacha pikapu kwa muuzaji, wakapanda gari lake la umeme. Kiboko akafunga vioo, akafumba macho, akangoja mngurumo. Hakusikia kitu.

"Washa gari, msomi."

Walikuwa tayari mbele ya pango. Chui alikuwa amelala, mkia umekatiza barabara. Ngiri akaukwepa taratibu, jasho likimtiririka.

"Nasema washa. Chuo mlifundishwa kukaa tu?"

"Fumbua macho, bosi. Tuko kwako."

Kiboko akaliona geti lake, akajipapasa miguu yote minne, akacheka mpaka gari likatikisika. Ngiri akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu mahafali.

Gari la umeme likanunuliwa. Ila mpaka leo, wakikaribia nyumbani, Kiboko hutoa kichwa dirishani na kunguruma mwenyewe, majirani wasije wakasema amefilisika. Ngiri humpunguzia mwendo amalize. Kazi ni kazi.