Kamba ya Nungunungu Mteremkoni

Paliondokea Nungunungu, mjane aliyerithi shamba la urefu wa kamba kumi, kutoka kijitoni kupanda mlimani. Jirani yake wa juu, Ngiri mwenye pupa, akaiburuta kamba ardhini kutoka kijitoni mara kumi, akachomeka kigingi hatua chache kabla ya shimo la Nungunungu.

"Shimo liko kwangu. Hama na wanao!"

Nungunungu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza upimaji, akamkimbilia mwalimu wake Korongo huku akilia.

"Mteremkoni kamba hulazwaje?" Korongo akamuuliza.

"Hailazwi, mwalimu. Hunyooshwa sawa kama maji yaliyotulia. Ikilala huufuata mteremko, ikaishia karibu na kumpunja mwenye shamba."

"Basi unalia nini? Kapime."

Ngiri alipomwona akacheka. "Pima, mwanafunzi! Kamba yako itakapokoma, ndipo mpaka."

Wanyama wote wa jirani wakasikia. Nungunungu akapima kidogo kidogo, kamba ikiwa imenyooka hewani. Ya kumi ikalipita shimo, ikakomea juu zaidi, katikati ya viazi vya Ngiri. Ngiri akang'oa kigingi chake.

Nungunungu akashusha pumzi, akaingia shimoni, akawakuta wanawe wamekwisha kufunga virago.

"Fungueni, wanangu," akasema. "Tuko kwetu."